Utani wa Picha na Maneno: Namna Unavyoundwa na Namna Unavyopotea

I. Madhumuni

Makala haya yanahusu aina moja ya sanaa ya Kiswahili iliyoenea upesi tangu simu zenye kuonyesha picha, pamoja na intaneti, zilipofika katika mikono ya watu wengi. Sanaa hiyo ni picha ya mzaha. Kwa jina hilo twakusudia picha, ama iliyopigwa ama iliyochorwa, ambayo mtu ameitia maneno machache au ameipachika mahali pasipokuwa pake, kisha akawapelekea wenzake wacheke. Wenzake nao huipeleka mbele, na pengine huibadili njiani. Kwa muda wa saa chache picha hiyo yaweza kusomwa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Maskati, na kila ifikapo ikaongezwa neno au ikapunguzwa.

Huenda ikadhaniwa kwamba jambo hili ni mchezo wa kupitisha wakati, na kwamba halistahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha. Lakini vitendawili, nyimbo za ngoma na majina ya kanga navyo viliwahi kuhesabiwa michezo, na leo hapana awezaye kueleza fasihi ya Waswahili bila kuvitaja. Nia yetu ni kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba maana ya picha ya mzaha haikai ndani ya picha peke yake wala ndani ya maneno peke yake, bali hutegemea uhusiano wa watu wanaotaniana na siku waliyotaniana. La pili ni kwamba uhusiano huo na siku hiyo ndivyo vitu vinavyopotea kwanza picha inaposafiri. Vikipotea, msomaji wa baadaye, awe mwanachuoni au hakimu, husoma kitu kingine kabisa.

II. Sura, maneno na tukio

Mswahili hakuanza leo kuunganisha sura na maneno. Kanga ina sehemu tatu: pindo liizungukalo, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kanga za kwanza za karne ya 19 hazikuwa na majina. Majina yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Mara nyingi mji wa kanga hauelezi jina lake. Kanga yenye sura ya korosho yaweza kuitwa Hasidi hana sababu, na hapana uhusiano wowote kati ya korosho na hasidi. Maana kamili hupatikana kanga inapovaliwa: nani kaivaa, siku gani, na kapita mlangoni kwa nani. Mke mwenza au jirani atajua kwamba ndiye anayeambiwa, lakini hana la kushtaki, kwa kuwa mvaaji atajibu kwamba yeye kavaa nguo tu.

Picha ya mzaha nayo ina sehemu tatu, ambazo twaweza kuziita sura, maneno na tukio. Sheria yake ya kwanza ni kwamba sura na maneno visiseme jambo moja. Tuchukue mfano ambao tumeutunga wenyewe kwa ajili ya maelezo. Picha ya mbuzi waliosongamana nyuma ya gari la mizigo, ambayo chini yake pameandikwa "Mbuzi ndani ya gari," haimchekeshi mtu. Lakini pakiandikwa "Sogeeni nyuma kule, nafasi ipo," yeyote aliyewahi kupanda daladala atacheka, kwa kuwa ameisikia sauti ya kondakta na amejiona yeye mwenyewe katika wale mbuzi. Maneno hayakuieleza sura, bali yameleta tukio lisiloonekana, na msomaji ameliunganisha mwenyewe. Kazi hiyo ya msomaji ni ile ile afanyayo mteguaji wa kitendawili. Akikosa ujuzi wa jambo lililofichwa, hawezi kutegua, hata kama ajua maana ya kila neno.

Hata hivyo kanga na picha ya mzaha hutofautiana katika jambo moja kubwa. Jina la kanga likisha kupigwa chapa halibadiliki, lakini picha ya mzaha hupita katika mikono mingi, na kila mkono waweza kuigeuza. Kwa sababu hiyo hufanana zaidi na miswada ya tenzi, ambayo wanakili waliinakili mmoja baada ya mwingine, na ambayo nakala zake hazilingani. Tena kama miswada, picha hizi huonyesha alama za safari yake. Picha ikipitishwa katika WhatsApp hubanwa ili ipungue ukubwa, na ikibanwa mara nyingi herufi zake huanza kuingia ukungu. Wengine huinakili kwa kupiga picha ya kioo cha simu, kisha wakaikata pembeni, na jina la mtungaji likiwa pembezoni hukatwa nalo. Zaidi ya hayo, picha inapotumwa kwa njia hiyo huondolewa habari zilizofichwa ndani ya faili, kama vile siku na mahali ilipopigwa. Basi mchunguzi apokeaye picha hafifu, isiyo na jina wala tarehe, ajue kwamba ameshika nakala ya nakala.

III. Ruhusa ya kutania

Mzaha ulioandikwa una upungufu ambao mzaha wa mdomo hauna, nao ni kukosa uso na sauti. Upungufu huo ulitambuliwa mapema na watu waliokuwa wa kwanza kuandikiana kwa kompyuta. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, mtu mmoja aliandika kwa mzaha kwamba lifti moja ya chuo imechafuliwa na zebaki, na baadhi ya wenzake wakadhani kwamba ni onyo la kweli. Katika mazungumzo yaliyofuata, tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman alishauri kwamba mwenye kufanya mzaha aweke alama ya nukta mbili, kistari na mabano, yaani :-), ambayo ikitazamwa kwa ubavu ni uso unaocheka. Waandikao Kiswahili nao wana alama zao za namna hiyo. Mbali na nyuso ndogo zilizomo katika simu, huandika tanakali za kicheko kama "hahaha," "teh teh teh" na "kwi kwi kwi," na kila moja ina ladha yake. Ya kwanza ni kicheko cha wazi, na ya mwisho hufaa kicheko cha kubana, cha mtu aliyejificha.

Lakini alama hizi husema tu, "Mimi nacheka." Haziwezi kusema, "Mimi ni mtani wako." Na katika Afrika Mashariki neno hilo la pili ndilo kubwa. Katika desturi za watu wengi wa Tanzania utani ni uhusiano wenye haki na wajibu wake. Mtani aweza kukutolea maneno makali mbele ya watu, aweza kuchukua kitu chako, na hata katika matanga aweza kumwigiza marehemu, wala mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Kwa upande mwingine mtani huyo huyo ndiye asimamaye katika kazi za mazishi. Utani huu upo kati ya makabila fulani na fulani, kati ya babu na mjukuu, na kati ya shemeji na shemeji. Jambo la kushika ni kwamba ruhusa hutangulia maneno. Maneno yale yale yakitoka kwa mtani ni utani, na yakitoka kwa mtu baki ni matusi. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha akitaka kujua kama sentensi fulani ni tusi, hawezi kupata jawabu katika kamusi. Yampasa aulize kwanza aliyesema ni nani kwa aliyeambiwa.

IV. Mkono wa vidole vitano

Utani ulio mashuhuri kuliko wote katika mtandao wa Tanzania ni ule wa wapenzi wa mpira wa miguu, Yanga na Simba, ambao kwa kweli huitwa watani wa jadi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ingawa jina la Simba ililipata mwaka 1971. Kila upande una jina la sifa ulilojipa na majina ya dhihaka uliyopewa. Simba hujiita Mnyama, na Yanga hujiita Wananchi. Wa Yanga huitwa vyura, kwa kuwa makao makuu yao yako Jangwani, bondeni, mahali panapofurika maji ya mvua. Basi masika yakifika na bonde likajaa, hakuna haja ya mtu wa Simba kutunga mengi. Picha ya mafuriko peke yake imekwisha kuwa mzaha, na chura hatajwi wala haonyeshwi.

Mfano wa pili una faida kubwa zaidi kwa uchunguzi wetu. Katika lugha ya wapenzi wa mpira magoli matano huitwa mkono, kwa sababu ya vidole vitano. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga magoli 5 kwa 0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba magoli 5 kwa 1. Sasa tuseme kwamba tumeikuta katika simu ya mtu picha ya kiganja kilichofunguliwa, bila neno lolote. Kama ilitumwa Mei 2012, mwenye kucheka ni Simba na mwenye kununa ni Yanga. Kama ilitumwa Novemba 2023, mambo yamegeuka. Na kama ilitumwa kwa mtu asiyefuata mpira, atafikiri kwamba anasalimiwa, au kwamba anaambiwa asimame. Picha ni moja na kiganja ni kimoja, na maana ni tatu, tena mbili kati yake zapingana kabisa. Hapa tarehe ni sehemu ya maana ya picha, na nakala isiyo na tarehe ni mswada uliochanika kurasa.

Yafaa pia kutazama kwa nini utani huu, ulio mkali sana, kwa kawaida hauwatenganishi ndugu. Sababu ni kwamba watu hao huketi kibaraza kimoja, hufanya kazi ofisi moja, na pengine hulala nyumba moja. Aliyefungwa leo ana hakika kwamba siku yake yaja, na mzaha aliopokea atautumia yeye mwenyewe, mara nyingi kwa picha ile ile. Utani huo ni deni linalolipwa, na hiyo ndiyo sheria ya utani wa asili.

V. Magufuli angefanya nini?

Tuangalie sasa mzaha uliovuka mipaka ya nchi. Tarehe 5 Novemba 2015 John Pombe Magufuli aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Katika wiki zake za kwanza alizuia safari za nje za watumishi wa serikali zisizokuwa na kibali, akaagiza pia kwamba tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, isiadhimishwe kwa sherehe za kawaida bali watu wafanye usafi. Mwishoni mwa Novemba ilienea katika Twitter alama ya reli #WhatWouldMagufuliDo, maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Magufuli angefanya nini?" Watu wa Tanzania, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika wakaitumia kwa pamoja.

Mzaha huo ulikuwa na kiunzi kimoja ambacho kila mtu alikijaza apendavyo. Mtu alisema kwamba alitaka kununua kitu fulani cha gharama, akajiuliza Magufuli angefanya nini, kisha ikaja picha ya kitu cha bure au cha bei ndogo kilichobuniwa mahali pake. Kwa mfano wetu wenyewe: "Nilitaka kununua meza mpya ya chakula, nikajiuliza, Magufuli angefanya nini?" Na picha ikaonyesha kreti la soda limepinduliwa na kutandikwa kanga.

Sarufi ya mzaha huu yastahili kuangaliwa. Kiambishi -nge- katika Kiswahili kwa kawaida huhitaji sehemu mbili, sharti na jawabu lake: "Angekuwa hapa, angefanya hivi." Katika maneno haya sharti limeachwa, kwa kuwa kila msomaji alijua habari za siku zile. Jawabu nalo limegeuzwa kuwa swali. Na jibu la swali hilo halikutolewa kwa neno lolote. Picha ndiyo iliyojibu. Kwa hiyo picha imefanya kazi ya kishazi kizima, na mtu akiitoa, sentensi inabaki na pengo. Wako wasemao kwamba picha katika maandishi kama haya ni pambo tu. Mfano huu waonyesha kwamba si hivyo, na mwenye kukusanya maneno peke yake atakuwa amekusanya nusu ya sentensi.

Je, ilikuwa sifa au dhihaka? Jawabu ni kwamba ilitegemea mwenye kuituma. Mtanzania aliyefurahia ubanaji wa matumizi aliweza kuituma kwa kumsifu Rais wake. Mkenya aliweza kuituma kwa kuwapiga kijembe viongozi wa kwao, bila kuwataja. Mtu wa tatu aliweza kuucheka ubahili wenyewe. Kiunzi kilikuwa kimoja na wote walicheka pamoja, lakini kila mmoja alicheka la kwake. Ni hali ile ile ya kanga moja kuvaliwa na wanawake watatu, kila mmoja akimkusudia mtu wake.

VI. Mzaha ukimfikia asiye mtani

Katika kibaraza mtani hujulikana kwa sura. Mtandaoni picha haikai kwa waliotumiwa. Humfikia asiyekuwa mtani, na humfikia bila uso, bila tarehe, na bila ule uhusiano uliokuwa ruhusa yake. Hapo ndipo mzaha unapoweza kumgharimu mtu.

Katika Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu mmoja kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook, yaliyohesabiwa kuwa ni kumtusi Rais, ikampa achague kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Maneno hayo hayakuwa picha ya mzaha, wala si kazi ya makala haya kuipima hukumu. Twalitaja jambo hilo kwa sababu laonyesha uzito wa swali la lugha lililokuwa ndani yake: neno moja la dharau lina uzito gani, na uzito huo hupimwa kwa mizani ya nani?

Nchini Kenya utani wa picha ulichukua nafasi kubwa mwaka 2024, wakati vijana walipoupinga muswada wa fedha. Rais William Ruto alikuwa amekwisha kupewa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu. Jina hilo ni fumbo kamili: aliyelelewa na hadithi za Biblia huona mara moja kodi, mti na mwito wa kushuka, na asiyelelewa nazo husikia jina la mtu tu. Katika mwaka huo huo mchoraji Gideon Kibet, aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Kibet Bull, alipata umaarufu kwa michoro ya vivuli iliyomlenga Rais. Desemba 2024 alitoweka, pamoja na vijana wengine waliosambaza picha za namna hiyo, na Januari 2025 akaonekana tena akiwa hai. Polisi walikana kuhusika. Baada ya habari kama hizo hakuna awezaye kusema kwamba picha ya mzaha ni kitu chepesi kisichostahili kusomwa kwa makini.

Yatupasa pia kumkumbuka mtu wa upande wa pili. Si kila anayechekwa ni mkubwa mwenye mamlaka. Mara nyingi sura iliyomo katika picha ni ya mtu wa kawaida aliyepigwa picha njiani au harusini, ambaye hakuulizwa na hana mtani yeyote kati ya maelfu wanaomcheka. Kwa kipimo cha utani wa asili huo si utani, kwa kuwa hana nafasi ya kulipa. Kipimo hicho cha wazee, kwamba anayetaniwa lazima aweze kutania naye, chafaa mpaka leo kutenganisha mzaha na uonevu, nacho ni chepesi kufahamika kuliko vifungu vingi vya sheria.

VII. Namna ya kukusanya

Kutokana na hayo yote, twaona kwamba kuhifadhi faili za picha peke yake hakutoshi. Kila picha ingeandikiwa kadi yenye mambo haya: sura yenyewe ilivyo, maneno yake kwa tahajia ile ile iliyotumika, hata kama si sanifu, na kama yamechanganywa na Sheng au lahaja nyingine, iandikwe hivyo, tarehe iliyopokelewa, mji au nchi ilipopokelewa, tukio la siku zile lililoifanya icheke, na uhusiano wa aliyetuma na aliyetumiwa, kama ni ndugu, watani wa mpira, wafanyakazi wenza au watu wasiojuana. Nakala mbalimbali za picha moja ziwekwe pamoja, ili zilinganishwe kama miswada inavyolinganishwa. Majina na nyuso za watu wa kawaida zifichwe kabla ya nakala kuwekwa mahali pa kusomwa na wote.

Kazi hii haina budi kufanywa upesi. Tenzi zilizonakiliwa kwa wino zimekaa masandukuni karne mbili, na bado zasomeka. Picha ya mzaha hukaa katika simu mpaka simu ijae, iibiwe au iharibike, na tukio lake husahauliwa kabla ya hapo. Wapo kati yetu wakumbukao kwa nini kiganja fulani kilichekesha nyumba nzima jioni fulani, na ukumbusho huo ndio sehemu ya kadi ambayo hakuna mtambo uwezao kuijaza. Twatumaini kwamba wasomaji wa jarida hili, hasa wafundishao katika shule na vyuo, watawapa wanafunzi wao kazi ya kujaza kadi za namna hii kila mmoja katika mji wake, na kwamba makusanyo hayo yatawekwa pamoja na makusanyo ya methali, vitendawili na majina ya kanga, ambako ndiko mahali pake.